Kijiti Kilichotoka Kikavu

Mtu akianza kisa kwa kuapa, mimi humtilia shaka papo hapo. Kwa hiyo siapi. Nakuambia tu kwamba sinywi pombe, sijawahi kuugua akili, na kila Jumapili nakaa benchi la tatu kanisani hapa Nyakato, kila mtu ananiona. Ninayokusimulia yalinikuta mchana, jua likiwa juu, na mara ya pili asubuhi, watu wakienda mashambani. Najua ungependa yawe ya usiku wa manane. Hata mimi ningependa, maana ya usiku mtu unaweza kujidanganya kwamba hukuona vizuri.

Nilikuwa bwana mifugo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji vya upande wa Butiama, kuchanja ng'ombe na kusimamia majosho, na mara chache nilitumwa mpaka Kisorya kule kwenye kivuko. Ilikuwa miaka ile ya dhiki. Kama hukuwepo, waulize wazee wako. Sabuni tuliikata vipande vidogo tukafungia kabatini, sukari tuliisahau, na dukani ulimkuta muuza duka na rafu zake, basi. Petroli ilitoka kwa kibali, na ukikipata kibali, kituo hakina petroli. Nimewahi kukaa Musoma siku nne nikiwa na karatasi yenye mihuri yote, nalala Mwisenge kwa shemeji yangu, kila asubuhi naenda kuitazama pampu isiyotoa kitu.

Pikipiki niliyopewa kwa kazi haikuwa na geji ya mafuta. Vijana wa bodaboda nikiwaambia hivyo wananicheka, wanasema hata zao hazina, au ipo lakini ilikufa zamani, wao wanatikisa tu na kusikiliza. Sasa nikuulize, kutikisa ni kupima? Tangi la nusu na tangi la robo yanalia mlio mmoja, hasa ukiwa na haraka. Wengine wanagonga tangi kwa kidole. Wengine wanangoja injini ikohoe ndipo wafungulie mafuta ya akiba, ile rizevu, na kesho wanasahau kurudisha koki mahali pake, wanakwama porini wakiwa hawana akiba wala cha kuanzia. Nimewaona wengi.

Mimi nilikuwa na kijiti. Kilikuwa cha mti mkavu, mweupe, kirefu kupita shibiri moja, nimekichonga mwenyewe na kukikata mikato mitatu kwa kisu. Mafuta yakifika mkato wa kwanza, unafika Musoma kutoka kijijini kwetu. Mkato wa pili, unaenda na kurudi. Mkato wa tatu, tangi limejaa. Kukitumia kulikuwa na adabu yake. Unaisimamisha pikipiki mahali tambarare, kwenye stendi kubwa, iwe wima kabisa. Unangoja mafuta yatulie. Unachomeka kijiti mpaka kiguse chini, unakitoa na kusoma upesi kabla petroli haijakauka. Ikisimama kwa stendi ndogo ya pembeni, imelala upande, hapo unajidanganya. Mafuta yote yanakimbilia upande wa chini, na ukichomeka kijiti upande wa juu kinatoka kikavu wakati tangi lina lita nne. Hilo liweke moyoni, maana kisa chote kiko hapo.

Nilisifika kwa kile kijiti, na sifa ilinipanda kichwani, sikatai. Wenzangu wenye pikipiki za kazi waliniletea vijiti vyao niwakatie mikato. Hatukuwa wengi: bwana shamba, mganga wa zahanati, mwalimu mmoja, na katekista aliyeitwa Magesa. Na tulikuwa na desturi yetu, hakuna aliyeiandika. Ukimkuta mwenzako amekauka njiani, unasimama, unampa petroli chupa moja ya soda. Halipi kitu. Siku nyingine naye atampa atakayemkuta. Kama huna, hukatai kwa mdomo. Unafungua tangi mbele yake, unachomeka kijiti, unamwonyesha. Kikitoka hakijalowa hata nusu ya mkato wa kwanza, anakupa pole mnaachana vizuri. Hakuna aliyewahi kukibishia kijiti, na kijiti changu ndicho walichokiamini kuliko vyote.

Mke wangu Wegesa alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza tulikuwa tumempoteza mtoto wakati wa kujifungua, pale pale nyumbani, na mganga wa zahanati alituambia wazi kwamba huyu wa pili asizaliwe kijijini. Maumivu yakianza tu, twende hospitali ya Musoma. Gari gani lingempeleka? Gari la karibu lilikuwa juu ya matofali. Kwa hiyo mikato miwili ya petroli ilikuwa ya Wegesa. Niliilinda kuliko nilivyolinda mshahara. Nilikuwa naamka, kabla ya kunawa uso, naenda kupima.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa natoka Bunda. Nilikuwa nimepata petroli kwa bahati ambayo haitokei mara mbili, tangi limejaa mpaka shingoni. Niliacha barabara kuu, nikashika njia ya vumbi ya kwenda Butiama. Ilikuwa saa saba mchana, joto kali, hakuna hata mbuzi barabarani. Kwenye kalavati, kile kidaraja cha bondeni ambako njia inapanda pande zote mbili, nikaona pikipiki imesimama na watu wawili kivulini mwa kichaka. Alikuwa Magesa, katekista, na mama yake mzazi. Mama alikuwa amekaa chini, amejifunga kitenge cha njano chenye picha za ndege, anapumua kwa kifua kizima. Alikuwa ameugua tangu usiku. Magesa alikuwa anamkimbiza Musoma, na petroli ikamwishia hapo.

"Bwana Mifugo, Mungu amekuleta," akasema. "Nipe chupa moja tu, nifike barabara kuu. Pale siwezi kukosa lori."

Chupa moja. Nataka ujue kwamba chupa moja ya soda haikufika hata robo ya mkato mmoja. Nilikuwa na mikato mitatu, na mkato wa Wegesa wa kurudi hata haukuwa na maana, maana cha muhimu kilikuwa kufika. Ningempa chupa mbili na bado nisingeona tofauti. Lakini mtu aliyekaa na hofu ya kitu kimoja kwa miezi anaacha kufikiri. Nilichoona ni Wegesa, na tangi, na mkono wa mtu unaolielekea lile tangi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nami nimekauka. Bunda sikupata kitu."

Akasema, "Aa, pole." Hakuniomba kijiti. Ni mimi mwenyewe nilikitoa mfukoni, maana bila kijiti ningekuwa mtu aliyekataa. Nikasimamisha pikipiki kwa stendi ndogo, pale kwenye mteremko, ikalala sana upande wa kushoto. Nikafungua kifuniko kwa namna ambayo mwili wangu ulimzuia kuchungulia ndani. Nikachomeka kijiti upande wa juu, sikukishusha mpaka chini. Nikakitoa. Kilikuwa kimelowa kwenye ncha tu, kama kidole kilichogusa uji. Nikamwonyesha.

Magesa alitikisa kichwa kwa huruma. Alinihurumia mimi. Ndipo mama yake aliponyanyua uso, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Mwanangu, mbona umeilaza?"

"Mama, mambo ya pikipiki huyajui," Magesa akamwambia, akaniomba radhi kwa macho. Nami nikacheka. Naam, nilicheka, kicheko kidogo cha mtu mwenye utaalamu wake. Mama aliendelea kunitazama mpaka nilipopiga kiki na kuondoka, na nakumbuka nilivyokuwa naomba mafuta yasichape tangini akasikia.

Alikufa alasiri hiyo hiyo. Magesa alikuwa amemkalisha kwenye pikipiki, amemfunga kwenye kiti kwa shuka, anaisukuma kuelekea barabara kuu. Alifika na maiti. Nilikwenda mazikoni, ningekosaje? Na hapo kaburini, mbele ya watu wote, Magesa akasimama akashukuru kila aliyemsaidia, akafika kwangu. Akasema, "Wengine walipita. Mwenzetu huyu alisimama, akafungua tangi lake akanionyesha, naye hakuwa na kitu. Mungu amlipe." Watu wakanigeukia, wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama alizikwa amezungushiwa kile kitenge cha njano chenye ndege. Nilikiona kwa macho yangu kinashuka naye, nikatupa udongo wangu juu yake.

Wiki tatu baadaye maumivu yakamwanza Wegesa alfajiri. Hayakuwa makali. Alikuwa mtulivu kuliko mimi, alioga, akafunga nguo za mtoto kwenye furushi. Nikatoa pikipiki uani, mahali tambarare, stendi kubwa, wima. Nilipima mara tatu. Mara tatu kijiti kilitoka kimelowa mpaka mkato wa pili. Nilikagua mpira wa petroli kama una ufa, nilikagua koki kama iko wazi. Kama kuna asubuhi niliyoifahamu pikipiki yangu, ni hiyo. Tukaondoka jua linachomoza, Wegesa amekaa nyuma upande upande, mkono mmoja kiunoni kwangu.

Tukafika kwenye kalavati, injini ikazima.

Haikukohoa. Petroli ikiisha injini hukohoa kwanza, inakupa nafasi ya kujua. Hii ilikata tu. Nikafungulia rizevu, nikapiga kiki mpaka goti likauma. Kimya. Nikamshusha Wegesa, nikamkalisha kwenye ukingo wa kalavati. Nikaisimamisha wima, nikachomeka kijiti. Kilitoka kikavu mpaka chini, cheupe, kama nimekitoa kabatini. Nikatikisa, mimi nisiyeamini kutikisa. Hakuna mlio. Nikaingiza pua kwenye tangi. Hata harufu haikuwepo. Niambie wewe unayejua, lita zaidi ya tatu za petroli zinakwenda wapi ndani ya nusu saa bila kudondosha tone barabarani? Nilirudi nyuma hatua mia kutafuta unyevu kwenye vumbi. Palikuwa pakavu.

Nilipogeuka kurudi, Wegesa hakuwa peke yake. Mwanamke mzee alikuwa amekaa pembeni yake, amemwekea mkono mgongoni, anamsugua polepole kama wakunga wanavyofanya. Nikashukuru Mungu kwanza, nakuambia ukweli, nikasema afadhali tumepata mtu mzima. Nikasogea. Nikaona kitenge cha njano. Nikaona ndege.

Sikukimbia. Watu wakinisikiliza huuliza kwa nini sikukimbia. Ningemwachia nani mke wangu? Nilishika usukani wa pikipiki, nikamtazama. Yule mama hakuwa na uso wa maiti, hakuwa na macho ya ajabu, wala miguu yake haikuwa ya mnyama. Alikuwa vile vile nilivyomwona siku ile, ila hakuwa anapumua kwa shida. Hakuwa anapumua kabisa. Kifua chake kilikuwa kimetulia.

"Mwanangu, ilaze," akaniambia.

Nikabaki nimeishika wima.

"Ilaze. Si ulikuwaga unajua kuilaza?"

Nikaiweka kwenye stendi ndogo. Ikalala upande wa kushoto. Nikachomeka kijiti upande wa juu, ule ule ambako kinatakiwa kutoka kikavu, na kikatoka kimelowa mpaka mkato wa pili, petroli inachuruzika vidoleni mwangu. Nikaiinua wima. Kikavu. Nikailaza tena. Mkato wa pili. Nilifanya hivyo mara nne au tano, nafikiri nilikuwa nalia. Ikiwa imelala nilijaribu kupiga kiki, ikaunguruma vizuri kabisa. Nikaiinua ili tupande, ikakata.

Wegesa akasema maumivu yanabana. Nikamgeukia yule mama nikamwambia, "Mama, pikipiki haiendi ikiwa imelala. Nisamehe." Hilo neno la nisamehe nililisema, nalo lilikuwa la kweli.

Akasema, "Basi isukume. Mwenzako alisukumaga."

Nikampandisha Wegesa kwenye kiti. Nikaisukuma. Umewahi kusukuma pikipiki yenye mjamzito kwenye njia ya vumbi, kwenda juu? Na kila hatua, sikiliza hili, kila hatua niliyosukuma nilisikia petroli inachapa ndani ya tangi. Nyingi. Ilikuwa inakwenda huku na huku, naisikia kwa masikio yangu, na nikisimama kupima kijiti kinatoka kikavu. Mama alitembea nyuma yetu, mkono wake mgongoni kwa Wegesa. Hakuacha hata mara moja. Njiani tulipishana na mtu wa baiskeli amebeba mihogo. Akashuka kwa heshima, akasema, "Poleni safari. Pole dada. Pole na wewe bibi, kutembea na umri huo." Kwa hiyo usiniambie niliota.

Zahanati ilikuwa mbele ya makutano na barabara kuu. Nilitaka tuifikie hata hiyo, hatukuifikia. Mtoto alikuja kabla, chini ya mti wa miiba pembeni mwa njia, nami ndiye niliyempokea, mimi niliyewahi kupokea ndama tu. Alikuwa wa kiume. Alikuwa mzuri, amekamilika, ana nywele nyingi. Hakulia. Nilimpulizia, nilimgeuza, nilimpiga mgongoni, nilifanya yote niliyofanyaga kwa ndama, na hakulia. Nilipoinua kichwa kumtafuta yule mama anisaidie, hakuwepo. Njia ilikuwa nyeupe mbele na nyuma.

Niliisimamisha pikipiki wima, nikapiga kiki mara moja, ikawaka. Tukaenda Musoma, Wegesa amembeba kifuani mtoto asiyepumua. Uani mwa hospitali nilipima. Mafuta yalikuwa mkato wa pili, pale pale yalipokuwa asubuhi. Nilikivunja kile kijiti nikakitupa kwenye taka.

Jioni nikakaa kitandani kwake. Wegesa alikuwa ametazama ukuta muda mrefu. Akauliza bila kugeuka, "Yule bibi alikuwa anasema nini kuhusu kuilaza? Ulimfanyia nini?"

Nikamwambia simjui. Nikamwambia ni bibi tu wa njiani.

Usiku huo muuguzi aliniletea chai. Nikashika kikombe, nikaona chai imelala. Sijui nikueleze vipi. Kikombe kilikuwa wima mkononi, lakini chai ndani yake ilikuwa imepanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, kama kikombe kimeinamishwa kushoto. Nikakiinamisha kulia ili ikae sawa, ikanimwagikia mapajani. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoona kila kitu cha majimaji. Maji kwenye beseni yamelala. Uji umelala. Ziwa lenyewe, nikisimama pale Musoma ufukweni asubuhi likiwa limetulia, naliona limeinama kushoto, mitumbwi iko juu yake na haitelezi. Madaktari wa macho wamenipima mara nyingi, wanasema naona vizuri kuliko umri wangu. Nilipojenga hapa Nyakato, fundi aliweka pima maji juu ya ukuta akaniita nifurahi. Yeye aliona kiputo cha hewa kimekaa katikati. Mimi niliona kimekimbilia pembeni. Pikipiki niliirudisha ofisini, nikaomba baiskeli, wakadhani ni uzalendo.

Miaka ikapita, maduka yakajaa, petroli ikawa inauzwa kwenye chupa za soda kando ya barabara, mtu yeyote, bila kibali wala mhuri. Niliziona chupa zile zimepangwa mezani, kila moja mafuta yake yamelala, nikashindwa kuvumilia. Nikaenda nyumbani nikamweleza Wegesa yote. Wakati huo tulikuwa na binti wawili, nao wamekua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua dagaa. Nilitegemea atanilaani. Akasema, "Alikuwa na haki ya kutuacha pale. Lakini alinishika mgongo njia nzima. Mkono wake ulikuwa wa moto, ulikuwa unanituliza." Akamaliza dagaa, akaosha mikono, akaingia ndani. Hajawahi kulizungumza tena, na mimi sijawahi tena kunywa chai mbele yake.

Lilibaki la Magesa. Amezeeka, anaishi Mwisenge kwa mwanawe, na miaka yote hiyo kila tukikutana mbele za watu amekuwa akinishika bega na kuwaambia, "Huyu mnamwona? Siku mama anakufa, huyu ndiye aliyesimama." Ameyasema kanisani, ameyasema kwenye harusi za wanangu. Kila mara nilitabasamu. Hebu fikiri, kutabasamu huko, miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita alikuja kunisalimia. Binti yangu akamtengea chai, akaenda zake. Magesa akaanza tena yale maneno yake, mimi na yeye tu, bila watu wa kusikia, na nikajua anayasema kwa sababu anayaamini. Nikamwambia. Nilimwambia tangi lilikuwa limejaa. Nilimwambia kuhusu stendi ndogo, na kwamba mama yake aliona na yeye akamnyamazisha.

Alikiweka kikombe mezani. Kisha akauliza, "Chupa moja ungenipa, ungepungukiwa?"

"Nisingepungukiwa."

Akasimama, akachukua fimbo yake. Mlangoni akasema, bila hasira, "Nilimwambia hayajui mambo ya pikipiki. Hilo ndilo neno la mwisho nililomjibu mama yangu." Akaondoka. Hajarudi, na simtegemei. Chai yake ilibaki mezani, imelala kushoto, sikuwa na nguvu ya kuimwaga.

Ndiyo yenyewe. Wewe kijana mwenye pikipiki, unaweza kucheka, unaweza kusema mzee ana ugonjwa wa macho. Lakini siku utakapomkuta mtu amekauka njiani, akakuomba kidogo, na wewe unacho, mpe. Na kama hutaki kumpa, mwambie sitaki, akuchukie, uende zako. Usiilaze pikipiki. Nakuomba sana, usiilaze, maana yupo anayeiona ilivyolala, na siku utakapotaka isimame, haitasimama.